Mti wa Mapichi Nilioukata Mwezi wa Nane

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa nane ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na si kwa kupenda. Siku hiyo nilichukua msumeno wa mkwe wangu, nikaukata mti wake wa pekee, nikaugeuza kuni, nikazipanga vizuri mlangoni pa jikoni, kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikijisifu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Katika umri huo mtu anajua kila kitu, kama nyinyi mnavyojua kila kitu sasa hivi.

Nakusimulia kwa sababu nimechoka. Kila mwaka baridi ya Johannesburg inapoanza kulegea, mambo ni yale yale hapa uwani kwangu Turffontein. Vyumba vya nyuma nimewapangisha Wakongo, Warundi na Watanzania wenzangu, watu wazuri, wachapakazi, sina ugomvi nao. Lakini jua likiwaka siku tatu mfululizo, wote wanavua masweta na kuwa mabwana shamba. Huyu anang'oa, yule anachimba, mwingine anakata matawi ya mzabibu wangu akisema anausafisha. Hakuna anayegonga mlango kuuliza. Na mimi nipo! Nakaa pale pale barazani, nimevaa soksi mbili, mdomo ninao na masikio ninayo.

Basi nisikilize, na uweke hiyo simu chini.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Ujana wangu nilikuwa fundi cherehani Morogoro, na huko ndiko nilikokutana na Vusi, kijana wa Soweto aliyekimbia kwao akiwa na miaka kumi na saba kwa ajili ya siasa. Tulifunga ndoa huko huko. Siku wenzake walipoanza kuruhusiwa kurudi nyumbani, alirudi na mimi mkononi, na sanduku moja, na cherehani yangu ambayo nilikataa katakata kuiacha.

Tulifika Soweto mwezi wa saba. Hakuna aliyeniambia habari za mwezi wa saba. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikakuta majani ya uwani yamekuwa meupe, nikadhani mtu amemwaga unga. Nilipoyakanyaga yakalia chini ya ndara zangu. Ndiyo, ndara. Nilikuja Johannesburg na ndara.

Mama yake Vusi aliitwa MaNdlovu. Alikuwa mfupi, mgongo umenyooka, miaka yake mingi ameimaliza kwenye majiko ya wazungu, na maneno alikuwa akiyatoa kwa kipimo. Tulielewana kwa Kiingereza changu cha shule na chake cha kazini, mengine kwa mikono. Aliniita makoti, neno ambalo kwetu ni nguo za baridi na kwao ni bibi harusi aliyeingia nyumbani. Na makoti ana kazi zake. Anaamka kabla ya wote, anafagia uwanja, anabandika birika, kichwa amekifunga kitambaa, mabega ameyafunika, na anafanya yote hayo akijua kwamba majirani wanachungulia juu ya uzio. Walikuwa wanataka kuona huyu wa kutoka mbali anafagiaje.

Nilifagia, mwanangu, kama niliyeajiriwa na serikali. Nilitaka kitu kimoja tu: yule mama aseme kwamba mimi ni mtu wa nyumba ile. Kwetu kulikuwa mbali, Vusi hakuwa amepata kazi, ndoa yetu ilifungwa bila mzee wao hata mmoja kuwepo. Kama MaNdlovu angenikataa, sikuwa na mlango mwingine wa kubisha katika nchi nzima. Usiku na mchana nilikuwa nawaza nifanye nini anipende. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Karibu na bomba kulikuwa na mti. Mweusi mweusi, gome limepasuka, utomvu umeganda juu yake kama gundi, na hauna jani hata moja. Kwetu Muheza mchungwa una majani mwaka mzima. Mfenesi hivyo hivyo, mpera hivyo hivyo. Mti wa matunda ukipukutisha majani yote, huo umekwisha habari yake, ni kuni. Mapichi yenyewe niliyajua, Wasambaa walikuwa wakiyateremsha kutoka milimani kwa makapu wakayauza stendi, lakini mti wake sikuwahi kuuona. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nauzunguka ule mti na fagio langu, nikijisemea moyoni: hawa watu ni wavivu kiasi gani, mti umekufa na hakuna aliyejishughulisha kuutoa.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane MaNdlovu alipata msiba Ladysmith, akaondoka Alhamisi kwenda kuzika. Jumamosi Vusi alitoka mapema kwenda kumwona mtu wa habari za kazi. Nikabaki peke yangu na nyumba, na uwanja, na akili zangu. Msumeno ulikuwa kwenye banda la makaa.

Nikikumbuka sasa nataka kurudi nikajizabe kofi, kwa sababu dalili zote zilikuwepo, zimepangwa mbele yangu kama vyombo kabatini. Hewa ilikuwa imebadilika tangu Jumatano. Asubuhi baridi bado, lakini saa sita jua lilikuwa linachoma shingo. Upepo ulikuwa umeanza, ule upepo wa mwezi wa nane unaobeba vumbi la njano kutoka vilima vya mchanga wa migodi na kulitia kwenye kila kikombe. Na mti wenyewe ulikuwa ukinipigia kelele. Msumeno ulikwama. Mti mkavu haukwamishi msumeno namna ile. Ndani mbao ilikuwa na maji, na chini ya gome kulikuwa na rangi ya kijani. Niliiona kwa macho haya. Nikasema labda ni ukungu. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na vidoti vyekundu vilivyovimba, mamia kwa mamia. Nikasema ni wadudu. Ndipo nikazidi kuvimba kichwa, kwamba sasa si kufanya usafi tu, nimeiokoa nyumba na ugonjwa.

Mzee wa nyumba ya jirani alikuja kwenye uzio, akaniangalia, akavua kofia, akaishika kifuani. Nikadhani ananipa heshima. Nikampungia mkono.

Vusi aliporudi jioni alisimama getini muda mrefu. Nikamwambia, "Umeona nilivyofanya kazi?" Akasema, "Naona." Akaingia ndani, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Nilimuuliza kuna nini, akasema amechoka, kazi hajapata. Mpaka leo namlaumu kwa hilo. Hakuwa na moyo wa kuniambia, akanipa siku tatu zaidi za kufurahia upumbavu wangu.

Jumanne MaNdlovu alirudi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipika pilau, pilau ya Tanga hasa, kwa viungo nilivyokuja navyo nimevifunga kwenye kanga, na sikupikia jikoni ndani. Nilipikia nje, kwenye lile pipa la bati lenye matundu wanaloota moto, wanaliita imbawula, kwa zile kuni zangu. Nilitaka aone kuni zenyewe zikiwaka. Hazikuwaka, zilitoa moshi. Zilipiga mluzi, zikatokwa na povu, zikanifanya nilie machozi kutwa nzima, na mimi nikasema hii baridi ya huku inaharibu hata moto.

MaNdlovu aliingia getini na begi lake na kofia nyeusi ya msiba. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akaweka begi chini, akainama, akalikwangua gome la kisiki kwa ukucha. Kijani. Akaja kwenye kuni zangu, akachagua tawi, akanionyesha ncha yake.

"Hivi ni nini?"

"Wadudu, Mama," nikasema. "Ulikuwa unaumwa. Nimekusaidia."

Akaligeuza lile tawi mkononi. Akaligeuza tena. Kisha akapindua ndoo, akakaa juu yake, pale pale kwenye moshi. Baadaye akaomba chakula. Nikampakulia, akala sahani nzima ya pilau iliyonuka moshi wa mti wake, akanawa mikono, akasema asante, akaingia kulala na jua bado lipo. Ningependa angenipiga.

Ndipo Vusi akaniambia. Ule mti hakuna aliyeupanda. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alikula pichi akatupa kokwa pale penye majimaji ya bomba, ukaota. Siku alipotoroka nchi ulikuwa unamfika kifuani. Miaka kumi na minne mama yake hakupata barua hata moja, hakujua kama mwanawe yu hai. Watu wakimuuliza habari za Vusi alikuwa akijibu habari za mti: mwaka huu umezaa, mwaka huu baridi imeuharibu, mwaka huu umepita paa. Hakuwa na jibu jingine la kuwapa.

Sitakueleza nililala vipi siku hiyo, mwanangu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimefanya kazi kwa bidii siku nzima kuharibu kitu pekee alichokuwa nacho yule mama wakati hana mtoto.

Asubuhi nilimkuta anachambua kuni. Alichagua matawi yote membamba yenye vile vidoti ambayo sikuwa nimeyachoma, akayatia kwenye ndoo ya maji, akaiweka sebuleni katikati, mahali ambapo huwezi kupita bila kuizunguka. Hakunieleza kitu. Baada ya siku nane hivi nikaingia kufagia, nikapigwa na bumbuwazi. Matawi yale makavu, hayana jani hata moja, yalikuwa yamejaa maua ya waridi kutoka chini mpaka juu. Wadudu wangu wote walikuwa wamefunguka.

Na wageni wakaanza kuja. Unajua baada ya msiba watu wanakuja kutoa pole. Kila aliyeingia aliona ile ndoo, na kila aliyeiona aliuliza. MaNdlovu alikuwa ananyoosha kidevu upande wangu.

"Muulizeni makoti."

Basi nikasimulia. Nikasimulia kwa wamama wa kanisani, kwa mchungaji, kwa mwanamke aliyekuja kusoma mita ya umeme na hakuwa ameuliza kitu. Mara ya kwanza nilikuwa na maneno sita ya Kizulu na mikono miwili. Mara ya kumi nilikuwa na sentensi. Kufikia maua yalipoanza kudondoka sakafuni, nilikuwa naweza kulisimulia kosa langu tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na watu walikuwa wanacheka mahali pa kucheka. Ndivyo nilivyojifunza Kizulu. Nyinyi mnakaa miaka saba nchi ya watu na hamjui hata kuomba chumvi, kwa sababu hamtaki kuchekwa. Nachoka!

Maua yalipokwisha nilidhani adhabu imekwisha. Haikuwa imekwisha. MaNdlovu akaanza jambo jingine. Kila asubuhi, kabla sijabandika birika, aliniamuru nitoke nje nizunguke uwanja mzima kwa miguu, kisha nirudi dirishani pake niseme nimeona nini kipya.

"Leo umeona nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Rudi nje."

Nilirudi nje. Nakuapia nilikuwa namchukia asubuhi zile. Vidole vimekufa ganzi, pua inatiririka, natafuta kitu kipya kwenye uwanja ambao nimeufagia jana. Nikarudi na kitu cha kijinga, kusema tu: sisimizi wametoka kwenye ufa wa ukuta. Akasema, "Ehe." Kesho yake: kwenye uzio wa jirani kuna ua jeupe linalonukia sana. Akasema hilo ni asumini, linawahi. Kesho yake nikasema sijaona kitu ila kitambaa changu cha kichwa kinaniwasha kwa joto. Akasema hicho nacho ni kitu.

Jumapili baada ya kanisa alinichukua mpaka nje ya nyumba za mwisho, kwenye mbuga iliyoungua. Kule majani huchomwa wakati wa baridi, unakuta ardhi nyeusi mpaka upeo wa macho. Nilikuwa nimevaa viatu vyake vya zamani, vinanibana, nimekasirika. Akaniambia niiname. Nikainama. Katikati ya majivu kulikuwa na sindano za majani mabichi, fupi kama ukucha, na maua madogo ya njano yamejitokeza ardhini bila hata kikonyo cha maana. Mvua haikuwa imenyesha tangu nifike.

"Yanakunywa nini?" nikamuuliza.

"Maji ya mwaka jana," akasema.

Tukashuka mpaka bondeni kwenye kijito. Mierebi ilikuwa imeanza kupata rangi, si kijani bado, ile njano ya kifaranga. Akanieleza, kwa mara ya kwanza akiongea kwa urefu, kwamba mwerebi unawahi kwa sababu miguu yake iko majini, usiufuate. Mti wa mapichi unachanua mapema kwa sababu ya ujinga, na miaka mingine baridi inarudi kuuadhibu. Ndege kwera wa kiume watabadilika kuwa wa njano kabisa na kuanza kuchana majani ya mierebi kujenga viota, na hao pia usiwafuate. Subiri ndege mmoja wanayemwita uphezukomkhono, anayeita mara tatu, akinyamaza anaita tena mara tatu, utamsikia asubuhi hata humwoni. Yeye akifika, chukua jembe. Kabla ya hapo, funga mikono yako.

"Na nitajuaje kama mti umekufa kweli?" nikauliza. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kuuliza hivyo.

Akanitazama kama mtu aliyechoka mno. "Utaniuliza mimi, makoti. Ninalala chumba cha pili."

Najua ungependa nikuambie kwamba kisiki kilichipua na mti ukarudi. Kila ninayemsimulia anapenda niseme hivyo. Kilichipua vijiti viwili, mwezi wa tisa, na kufikia Krismasi vyote vilikuwa vimekauka. Mti haukurudi. Nilichokata nilikikata.

Sasa nikupeleke juzi kidogo, kisha nitamaliza. Mwanangu wa kwanza, Sipho, ameoa binti wa Bukavu anaitwa Aline. Ana mwezi mmoja hapa kwangu. Wiki mbili zilizopita jua liliwaka vizuri, na mimi nikatoka kwenda Rosettenville kununua uzi. Niliporudi nikakuta bustani yangu yote imelimwa, miche ya nyanya imesimama kwa mistari, na upande wa pili amemwaga mbegu za lengalenga, ndio mchicha wetu. Mwezi wa nane! Nilinyamaza nikamwachia Mungu. Usiku wa tatu baridi ikarudi, asubuhi nyanya zote zilikuwa nyeusi, zimelala kama kamba. Nilifoka, mwanangu. Nilifoka mpaka wapangaji wakatoka na miswaki mdomoni. Aline akajifungia chumbani, nikamsikia anampigia mama yake Bukavu akilia.

Nikagonga. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa, Mama," akasema kutoka ndani. "Nilipenda uone kama mi najua kazi."

Hasira haikuisha, sitakudanganya, ila iligeuka ikanikabili mwenyewe. Nikamwambia afungue, nikaingia, nikakaa kitandani pake, nikamsimulia haya ninayokusimulia. Na nikamfikisha mpaka hapa, siku aliyokuja Shangazi Thoko.

Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Vusi. Alikuja mwezi wa kumi, siku moja baada ya mvua ya kwanza, pamoja na wazee wawili wa ukoo, wamevaa vizuri, na walipokataa kuvua kofia zao nilijua hawajaja kusalimia. Waliketi sebuleni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni na sinia la chai, nasubiri kuitwa, kama inavyompasa makoti. Thoko alidhani sielewi. Hakujua kwamba nimefundishwa Kizulu na ndoo ya maua.

"Vusi alimwokota huko bila sisi kujua," akasema. "Hakuna mzee wetu aliyekwenda kwao, hakuna mzee wao aliyekuja hapa. Anaingia, na kitu cha kwanza anaua mti wa mtoto. Mnangoja nini kingine? Arudishwe kwao kabla hajazaa."

Wale wazee wakaguna. Mguno wao haukuwa wa kukataa. Nilimtazama MaNdlovu. Alikuwa ameangalia sakafu, na nilijua anaangalia mahali gani, pale palipokuwa na ndoo. Nikaona yamekwisha. Anayo sababu, nimempa mwenyewe kwa msumeno.

"Umemaliza, Thoko?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Huyu ni mjinga," akasema MaNdlovu. "Nimemwambia, na kesho nitamwambia tena. Aliukata mti wangu akitaka kunipikia chakula." Akainua macho. "Wewe ulikula mapichi ya mti ule miaka kumi na minne. Ulikuja na ndoo, ukajaza, ukapeleka kwako. Hata siku moja hukuniuliza kama mtoto wangu yuko hai."

Mzee mmoja akavua kofia.

"Mjinga huyu ni wangu," akasema. "Makoti, mimina chai."

Nikaingia kwa magoti. Nikammiminia Thoko kwanza kwa kuwa ni mgeni, nusu ya chai ikaenda kwenye sahani na nyingine kwenye sketi yake. MaNdlovu akafumba macho.

"Eish, makoti," akasema. "Na chai pia?"

Nilikaa na yule mama miaka kumi na tisa, mpaka tulipomzika. Hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu jibu nililipata siku ile mbele ya watu watatu.

Basi nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili usije ukasema hukusikia. Ukiingia kwenye uwanja wa watu, uwe ni uwanja wa mkwe, wa mwajiri, au wa nchi nzima kama hii, usianze kukata. Kitu unachokiona kimekufa, huenda hujakiona mwaka mzima. Muulize mwenyewe. Hutapungukiwa na kitu, atakuona mshamba kwa dakika moja na baada ya hapo mtakunywa chai. Kazi unayoifanya ili uonekane ni ya kuogopa kuliko uvivu, maana mvivu angalau angeniachia mti. Ukikosea, usikimbie na usijifungie chumbani. Kaa, ulisimulie kosa lako mpaka ulijue vizuri kuliko wanaokusema. Na wewe uliye mwenye uwanja, mama mwenzangu, mimi mwenyewe nikiwemo, foka ukitaka, una haki, lakini ukimaliza kufoka mwonyeshe mwenzako nje kuna nini.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu ya kutoka nje kungali baridi. Akupe nyumba, akupe watoto, akupe riziki ya halali katika mji huu mgumu. Na siku utakapokosea, mwanangu, maana utakosea, akukutanishe na mtu atakayekukasirikia sana, na asikuache.